Kumtafuta Bibi wa Mambrui: Daftari la Safari ya Malindi na Lamu

Jumamosi, Mombasa

Nyumbani kwetu anaitwa Bibi wa Mambrui. Ni bibi yake bibi yangu mzaa mama, na mimi kwake ni kilembwe. Aliolewa Lamu na baharia wa majahazi, akazaa, akalea, akafa huko huko wakati wa Vita Kuu ya Pili. Zaidi ya hapo familia haina neno. Baba yake hatajwi, mama yake hatajwi, na kila nilipouliza nikiwa mdogo nilijibiwa kwamba watu wa Mambrui ni wengi, kisha mazungumzo yakahamishwa. Jina lake ninalijua. Sitaliandika hapa, kwa sababu wako wazee ambao hawajaridhia, na jina la mtu wa ukoo halipelekwi mbele za watu kwa uamuzi wa mtoto mmoja.

Nilianza na sensa, maana huo ndio mlango wanaoingilia wenzetu wa nchi nyingine. Uingereza hufungua karatasi za sensa baada ya miaka 100. Zile za 1921 zilifunguliwa Januari 2022, na mtu akimtafuta babu yake humkuta kwa jina, umri, kazi na nyumba aliyokuwamo usiku ule. Marekani husubiri miaka 72, ndiyo maana sensa yao ya 1950 nayo ilifunguliwa mwaka 2022.

Kwetu hali ni nyingine kabisa. Sensa za Kenya za 1911, 1921, 1926 na 1931 zilikuwa za wale ambao serikali ya kikoloni haikuwaita wenyeji: Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu. Waafrika walikisiwa tu, aghalabu kwa kufuata madaftari ya kodi ya nyumba. Sensa ya kwanza kuwahesabu watu wote ni ya 1948, iliyotoa jumla ya watu 5,405,966. Bibi wa Mambrui alikuwa ameshazikwa. Na hata katika sensa zilizofuata, tunachopewa sisi wananchi ni jumla na majedwali. Sheria ya Takwimu ya 2006 inazilinda habari za mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo majedwali yale ya zamani nimeyasoma kwa sababu tofauti. Hayawezi kunipa jina lake, lakini yananionyesha serikali ilikuwa na masanduku gani ya kuwatia watu. Mumewe akikubaliwa kuwa Mwarabu, basi naye huenda alihesabiwa mwaka 1921 na 1931. Akiitwa Mswahili, aliingia kwenye makisio pamoja na maelfu ambao hakuna aliyebisha hodi kuwauliza habari zao. Sanduku hilo lilikuwa na uzito wake katika kodi na katika haki. Watu wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, waliligombania miaka ya 1920, na mwaka 1927 wakaunda chama chao kwa ajili hiyo.

Njia nimeipata kwa Wamarekani weusi. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa wa Marekani waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi, basi. Majina hayakuandikwa. Wengi wao majina yao yanaonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1870, baada ya uhuru. Watafiti wao wakifika hapo wakakwama, humwacha babu yao kwa muda wakamfuata bwana: wosia wake, madeni yake, mashamba yake, kesi zake. Mwenye mali huacha karatasi, na ndani ya karatasi hizo ndimo walimo waliomilikiwa.

Nimesoma hayo nikakumbuka kimya cha nyumbani, nikashuku kwamba Bibi wa Mambrui naye alitoka utumwani. Kesho naondoka.

Jumapili, Malindi

Matatu kutoka Mombasa, daraja la Kilifi, msitu wa Arabuko Sokoke upande wa kushoto, kisha Malindi kabla ya adhuhuri. Nimefikia kwa mjomba, binamu yake mama, mtaa wa Shela karibu na msikiti wa Juma yalipo makaburi ya mnara.

Wageni wanaijua Malindi kwa Vasco da Gama na nguzo yake. Mimi nilitaka Malindi nyingine, ile iliyofufuka miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid. Kabla ya hapo mji ulikuwa umekufa, umeingiwa na pori. Waliofufua walikuwa wenye mitaji na wenye baraka za Unguja, na jembe lilishikwa na watumwa. Walilima mtama na simsim kwa wingi wa kujaza majahazi ya Arabuni. Wengi wa watumwa hao walitoka nyuma ya Kilwa na pande za Ziwa Nyasa. Mkataba wa 1873 ulipoifunga biashara ya watumwa baharini, mashamba hayakusimama. Wengine walipitishwa kwa njia ya nchi kavu, na watoto waliozaliwa mashambani waliitwa wazalia.

Usiku, baada ya chakula, nikamweleza mjomba ninachokitafuta. Alinyamaza akimalizia kahawa yake.

"Mwanangu," akasema, "wewe una digrii, una kazi, hakuna atakayekuuliza bibi yako alikuwa nani. Lakini nina wajukuu wa kike wawili hawajaposwa. Watu wa mji huu huuliza."

"Mjomba, wataambiwa nini? Kwamba bibi yao alikuwa mtu safi aliyeonewa?"

"Wataambiwa wewe hukuambiwa na wakubwa zako, ukaenda kufukua."

Sikumjibu. Hofu yake ina msingi. Nimehudhuria posa zilizovunjika kwa sababu hiyo hiyo, kwa maneno ya pembeni tu, bila mtu kulitamka waziwazi. Lakini ninaamini kwamba aibu ile haikuwa ya Bibi wa Mambrui hata siku moja. Ilikuwa ya waliomnunua mama yake, na sisi tumeibeba miaka yote hii kwa niaba yao. Nikamwomba mjomba radhi ya kuendelea. Akasema radhi hanyimi, ila hatakwenda nami.

Jumatatu, Mambrui

Kaskazini ya Malindi unavuka Sabaki, mto mwekundu kwa udongo wa bara, na bahari ya hapo nayo imeiva rangi hiyo hiyo. Mambrui haiko mbali na daraja. Ni mji mdogo wenye misikiti, miembe mikongwe, na kaburi la mnara ambalo zamani lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Maulidi yake yanajulikana pwani nzima. Watu wakitaka elimu ya dini humu ndimo wanamopeleka watoto.

Nilielekezwa kwa maalim mmoja mzee, mwalimu wa fiqhi, ambaye babu zake walikuwa upande wa pili wa habari hii, yaani upande wa wenye mashamba. Nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa. Nilipomwamkia shikamoo na kujitaja kwa upande wa mama, akaniambia nikae barazani, akaniletea mtoto wa kunipepea kwa sababu jua lilikuwa kali.

Mazungumzo yetu yalipita alasiri nzima, na ndiyo somo kubwa la safari hii. Nitayaeleza kwa urefu.

Aliniuliza kwanza kama Bibi wa Mambrui aliolewa kwa ndoa ya kuandikwa. Nikasema sijui. Akasema, "Hilo ndilo la kutafuta. Usitafute alikozaliwa. Tafuta aliyemwoza."

Akanifafanulia. Katika madhehebu yetu ya Shafi mwanamke huozwa na walii. Wa kwanza ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume, kisha watoto wa ndugu, kisha ami na watoto wao. Wote hao ni damu ya upande wa baba. Mwanamke aliyezaliwa utumwani hana hao, au hawajulikani. Basi akiachwa huru, walii wake anakuwa yule aliyemwacha huru, na akifa, wanawe na jamaa zake wengine wa kiume wa upande wa baba. Asipopatikana hata huyo, kadhi ndiye humwoza. Ukiona kwenye daftari la ndoa kwamba walii si baba, wala ndugu, wala ami, na wala si kadhi, jiulize ni nani.

"Na mwandishi wa zamani hakuficha," akasema. "Aliandika: fulani, mahuru wa fulani, yaani aliyeachwa huru naye. Ilikuwa lazima aandike, maana ndoa ingekuwa na kasoro."

Nikamwuliza kuhusu sheria ya 1907, iliyofuta hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya kuanzia tarehe 1 Oktoba. Ikiwa serikali ilishasema hakuna mtumwa, ya nini tena kuwa mahuru wa mtu?

Akasema serikali na kadhi walikuwa na vitabu viwili. Kwa serikali mambo yalikwisha siku ile, na bwana aliyeona amepata hasara alikwenda mahakamani kudai fidia. Lakini masheikh wengi hawakuona kwamba amri ya Mwingereza ni sawa na kuacha huru kwa mujibu wa sheria ya dini, na waliokuwa watumwa wenyewe walilijua hilo. Mwanamke aliyetaka ndoa isiyosemwa alimwendea bwana wake wa zamani kuomba neno la uhuru litoke kinywani mwake mbele ya mashahidi. Wengine walilipata bure. Wengine walilipia.

Hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa nyumba ile: "Babu yangu alikuwa na watu. Tumelima kwa mikono yao na tumesoma kwa mikono yao. Ukilipata jina la bwana wa bibi yako, na likiwa ni la kwetu, nijulishe. Nataka kujua."

Kabla sijaondoka alinipa kitu kingine cha kushika. Majina. Watu walioletwa walivuliwa majina yao wakapewa mapya: ya siku, kama Juma na Khamisi, ya bahati, kama Mabruki, Faraji na Baraka, na wanawake aghalabu majina ya vitu vizuri, vya manukato na vya mapambo. Jina la Bibi wa Mambrui tulijualo sisi ni la Kiislamu kabisa, jina la binti yake Mtume. Maalim akasema nisishangae nikimkuta na jina jingine, kwa sababu wengi walijipa majina mapya walipohamia mji mwingine.

Jumanne, njiani

Basi la Lamu liliondoka Malindi asubuhi. Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, kisha nyika, kisha Garsen na daraja la Tana. Vizuizi vya askari ni vya kawaida njia hii. Unateremka, unaonyesha kitambulisho, unapanda tena. Lami imefika hadi Lamu sasa, na waliosafiri zamani wakati wa matope wanajua hiyo ni neema ya namna gani.

Witu nimeipita kwa dirisha tu, lakini nimeitazama kwa makini. Hapa ndipo watoro wa mashamba ya Lamu na kwingineko walipokimbilia, chini ya Sultani Ahmed aliyeitwa Simba. Wajerumani walijifanya walinzi wa Witu kuanzia 1885, na Waingereza wakaichoma mwaka 1890 baada ya Wajerumani kuiachia. Nusu ya abiria walikuwa wamelala. Mama mmoja aliyekaa nami aliniambia mababu zake ni watu wa humo, walioitwa watoro, na alilisema kwa fahari.

Mokowe, boti, Lamu. Halati alikuwa ananingoja gatini.

Jumatano, Lamu

Halati ni mdogo wake mama. Anaishi Langoni katika nyumba aliyozaliwa bibi. "Ndoo, mwanangu," akasema, akanivuta ukumbini, na kabla sijavua viatu vizuri nikawekewa mahamri na mbaazi.

Yeye hakuhitaji kubembelezwa. Anasema tangu mtoto alijua kuna jambo, kwa sababu Bibi wa Mambrui alipotembelewa na watu fulani kutoka Mambrui alikuwa akiketi chini, mkekani, na wao juu ya viti. Hili alihadithiwa na mama yake, aliyeliona kwa macho yake. "Mambo ya kae," akasema, kisha akanyanyuka akalifungua kasha.

Ndani ya kasha mlikuwa na stakabadhi, kanga mbili zilizochakaa, barua za babu kutoka Mombasa, na msahafu ulioliwa na mchwa ukingoni. Stakabadhi ni za miaka ya 1950. Hakuna la Bibi wa Mambrui. Nimezipiga picha zote hata hivyo.

Alasiri nilikwenda maktaba ya Ngome. Jengo hili lilimalizika kama mwaka 1821 baada ya Vita vya Shela, ile Shela ya hapa Lamu, likawa gereza hadi miaka ya 1980, na leo watoto wa shule wanasomea humo. Nilitaka tu kujikumbusha mitaa ilivyokuwa ikiitwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, na kila mmoja wao aliulizwa jina na kabila lake. Mwaka 2119 kilembwe wa mtu ataweza kuyataka majibu hayo, sheria ikiwa imeruhusu. Hilo Bibi wa Mambrui hakulipata.

Usiku Halati akanikumbusha familia moja ya Mkomani ambayo babu yao alikuwa akiandikisha ndoa zama za Waingereza.

Alhamisi, Lamu

Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa mwaka 1906. Ndipo wakawekwa watu wa kuandikisha, chini ya makadhi, na kila mmoja akawa na daftari. Daftari rasmi lilikuwa na safari zake za ofisini. Lakini waandishi wengi waliandika kwanza kwenye daftari lao la nyumbani, wakanakili baadaye, na lile la nyumbani likabaki kwa watoto.

Familia ya Mkomani wanalo. Walituruhusu, mimi na Halati, tukae nalo dakani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kijana wao mmoja aliyesoma chuoni akatusaidia kusoma, maana limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, lugha ikiwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha sheria.

Ni daftari refu jembamba, la aina iliyotumiwa na wafanyabiashara wa Kihindi, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa tanga. Wino umekuwa wa rangi ya kahawia. Kila ndoa imechukua mistari minne au mitano: tarehe ya Hijria, mume na baba yake, mke na baba yake, walii, mahari, mashahidi. Vitobo vya wadudu vimepita kurasa nyingi kwa pamoja, kwa hivyo neno lililopotea ukurasa mmoja limepotea mahali pale pale katika kurasa kumi zinazofuata. Kijana alikuwa akisoma kwa sauti, na mimi nikiandika.

Tulianza mwaka 1324. Nilikuwa na makisio ya umri tu: bibi yangu alizaliwa kama 1930, mama yake kama 1910, kwa hiyo ndoa iwe kabla ya hapo kidogo. Tulipita 1324 yote. Tukaingia 1325. Rajab, Shaaban, Ramadhani hakuna ndoa hata moja. Kisha Shawwal.

Kijana akasoma jina la mume, na Halati akashika mkono wangu, kwa sababu ni jina la babu yetu baharia, na jina la baba yake, na la babu yake, vile vile tunavyolisoma kwenye hitima.

Mke aliandikwa kwa jina ambalo hatujawahi kulisikia. Ni jina la kitu cha kunukia. Baada ya jina hakuna "binti". Kuna neno mahuru, kisha jina la bwana na nisba yake ya ukoo, kisha: mzalia wa shamba, na jina la shamba, Mambrui. Walii ni bwana huyo huyo, aliyemfanya mtu wa Lamu kuwa wakili wake kwa maneno mbele ya mashahidi wawili. Mahari rupia 20, kumi taslimu na kumi deni. Na chini, kwa wino ule ule lakini herufi ndogo zaidi, mwandishi ameongeza kwamba mke ameomba aandikwe pia kwa jina la pili. Jina la pili ni lile tunalomwita sisi.

Nimeuliza mara mbili kama maneno hayo yamesomwa sawasawa. Ameomba aandikwe. Kijana akasoma tena, akaweka kidole chini ya kila neno.

Shawwal 1325 ilianza mwezi Novemba 1907. Sheria ya kufuta utumwa ilikuwa na wiki chache tu tangu ianze. Msichana huyu, wa miaka kumi na saba au kumi na minane kwa hesabu yangu, alipata neno la uhuru, akapanda jahazi, akafika mji asikojulikana, na siku ya ndoa yake akamwambia karani jina analotaka kuitwa. Karani naye akaliandika.

Halati alilia. Mimi pia.

Ijumaa, Lamu

Baada ya sala nilipita Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, kwa sababu kuna jambo nilikuwa nataka kulihakikisha. Hati za kale za msikiti huo zilipigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza, na katika kurasa za mwanzo za vitabu vile vingi umo wakfu: nani ametoa kitabu, kwa thawabu za nani. Habib Swaleh mwenyewe anakumbukwa kwa kuwafundisha watu ambao wenye vyeo wa Lamu hawakutaka kukaa nao, watumwa na mahuru wakiwemo, na Langoni ndiko walikokuwa wengi wao. Nyumba yetu iko Langoni. Sijapata jina lake katika wakfu wowote niliousoma, lakini zimebaki hati nyingi. Yeyote anayetafuta mtu wa Lamu asiziache, hasa akitafuta mwanamke, kwani wanawake walitoa wakfu na majina yao yakaandikwa.

Jioni Halati aliwaita wakubwa wa upande wetu waliopo Lamu. Niliwasomea niliyoyaandika. Mzee mmoja aliinuka akaenda zake. Wengine walibaki, na swali lao la kwanza halikuwa juu ya utumwa. Walitaka kujua dua itaombwa kwa jina gani. Miaka yote hitima imesomwa kwa jina lake la pili. Je, la kwanza litajwe?

Wamejadiliana hadi isha. Halati alisema jina la kwanza alipewa na aliyemmiliki, na la pili alijitwalia mwenyewe, basi aitwe kwa alilolitaka. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote mle ndani, akasema huenda jina la kwanza alipewa na mama yake mzazi, kwani mtumwa naye alikuwa mama, na alimpa mwanawe jina zuri kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa. Hakuna aliyekuwa na jibu la hilo. Yamekubaliwa mawili: hitima isomwe kwa jina la pili kama kawaida, na kwenye shajara ya ukoo yaandikwe yote mawili, pamoja na neno mzalia na jina la shamba. Kulitoa nje ya familia, bado.

Jumamosi, Lamu

Nimempigia simu maalim wa Mambrui kama alivyotaka. Nisba ya bwana si ya kwao, ila ni ya watu waliooana nao. Amesema atamwuliza dada yake, ambaye anazijua nasaba kumshinda yeye.

Mjomba wa Malindi naye nimempigia. Nilidhani ataukata mwito. Aliniuliza jina la shamba nikamtajia, na kumbe analijua. Wanaolilima leo bado wanaliita hivyo hivyo, na baadhi yao ni watu ambao hawana hati ya ardhi, waliozaliwa hapo na baba zao wakazaliwa hapo. Amesema nikirudi atanipeleka.

Hilo limenipa kazi inayofuata. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wote wanaodai ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao yaandikwe na kupimwa, na Malindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofanyiwa kazi hiyo. Madai hayo hutaja jina la mdai, la baba yake, na la majirani wa mipaka yote minne. Sasa nina jina la bwana na jina la shamba, vitu viwili ambavyo wiki iliyopita sikuwa navyo. Nataka kujua shamba lilikuwa na ukubwa gani, lilipakana na nani, na lilirithiwa na nani, kwa sababu mama yake Bibi wa Mambrui alikuwa bado humo, au kaburi lake limo. Boti ya Mokowe inaondoka asubuhi, na Jumatatu naanza na ofisi ya ardhi Mombasa.